Diski ya Pili ya Mama Tarizi

Kila Ijumaa asubuhi, kabla hajawafungulia wateja mlango wa mbele, Mama Tarizi aliketi kwenye kompyuta na kufanya kazi aliyoachiwa na wifi yake: kuichukua folda ya nakshi iliyokuwa kwenye C na kuinakili kwenye D. C ni nini, hakujua. D ni nani, hakuuliza. Aliambiwa tu, "Wifi, hata dunia ipinduke, Ijumaa unakili," naye akanakili. Ilikuwa sasa ni miaka minne tangu wifi mwenyewe aondoke, na bado Ijumaa haikumpita. Mstari wa kijani ulipofika mwisho alikuwa akisema "haya" kwa sauti, kana kwamba kuna mtu wa kumsikia.

Jina la Mama Tarizi alipewa na wateja kwa kazi yake. Mtoto hakujaliwa. Alijaliwa mume mpaka rangi, mcheshi, aliyefariki mapema mno, na kwa mume huyo akapata wifi, dada wa marehemu, naye mjane, mwenye kijana mmoja aliyekuwa akisoma mbali. Wajane hao wawili wakaamua kukaa nyumba moja. Wakachanga, wakanunua cherehani ya kutarizi, ile inayosoma nakshi kutoka kwenye flashi na kujishonea yenyewe, kazi yako ikiwa kuulinda uzi usikatike. Majirani wakasema mtu na wifi yake hawamalizi mwezi jiko moja. Walikaa miaka kumi na minane, na majirani wakatafuta la kusema jingine.

Walikuwa na utaratibu wao. Asubuhi wifi aliketi chumba cha nyuma akichora nakshi kwenye kompyuta, wakati Mama Tarizi yuko mjini akitafuta nyuzi na kupeleka kazi zilizokamilika. Mchana wifi alikwenda kufundisha ushonaji chuoni, na Mama Tarizi akarudi kushika cherehani. Kwa hiyo saa za kazi hawakuonana kabisa. Kilichowaunganisha ni flashi, ambayo wifi aliiacha imechomekwa kwenye cherehani kabla ya kutoka.

Na wifi alikuwa na ugonjwa wake mmoja: hakuweza kuipa faili jina tupu. Watu wengine wangeandika "ua namba tatu". Yeye aliandika "Ua la kona usikaze uzi". Akaandika "Kola ya kwaya umekula kweli". Siku moja Mama Tarizi alipoweka kitambaa kipya na kuwasha cherehani, kidirisha chake kidogo kilimwonyesha, "Keki yako nimeila usinune". Alicheka peke yake hadi mteja aliyekuwa mlangoni akauliza kulikoni. Majina hayo Mama Tarizi aliyajibu kwa vipande vya karatasi alivyobandika kwenye skrini ya kompyuta: Nimekula. Uzi mwekundu umekwisha. Keki utainunua wewe.

Taratibu majina yale yakawa mahali pa kusemea mambo ambayo mezani yalikuwa hayasemeki. Usiku walikula wakiwa wamechoka, wakazungumza bei ya nyuzi na habari za watu. Lakini wifi alipomkosea, msamaha uliombwa kwenye kola. Mwaka wa kumi wa kifo cha yule mpaka rangi hakuna aliyetaja tarehe, ila cherehani ilionyesha, "Namkumbuka kaka leo nawe". Mama Tarizi alishona nakshi ile huku machozi yanamdondoka kwenye kitambaa cha mtu.

Kisha kijana wa wifi akapata kazi nzuri nchi nyingine, akajenga, akamchukua mama yake. Wifi alifunga mizigo ndani ya siku nne. Kwenye kumbatio la mwisho alikuwa mkavu, akaangalia pembeni. Tangu hapo alipiga simu mara tatu nne kwa mwaka: hujambo, sijambo, cherehani je, haya wifi, mtoto analia. Mama Tarizi alijipekua miaka yote minne kutafuta kosa lake. Alifikiria ile sufuria aliyoiunguza. Akafikiria neno alilowahi kusema kuhusu mapazia. Hakuona kosa la kumfanya mtu awe baridi kwake namna ile, na kuuliza aliogopa, maana ukiuliza unaweza kujibiwa.

Kilichomfariji ni nakshi. Zilikuwa zaidi ya elfu nne, na bado alizishona kila siku, na kila siku kidirisha kikamwambia usikaze uzi, pumzika kidogo, hii watapenda. Alijua fika kwamba anazungumza na mtu asiyekuwepo. Hakuona aibu. Ni nani mwingine angemwuliza kama amekula?

Ijumaa moja kompyuta ikaanza kulia tik, tik, tik. Kwanza alidhani ni saa ya ukutani, akaitoa betri. Tik, tik. Mstari wa kijani ukakwama katikati, skrini ikawa bluu, na roho ikamruka.

Jumatatu asubuhi akaja fundi wa kompyuta, mwanamume wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Pole kwa sababu kila mashine aliyoifungua aliipa pole kwanza, kama mtu aliyekuja kuona mgonjwa.

"Pole, mama mkubwa," aliiambia kompyuta, akachomoa ubavu wa kasha kwa bisibisi, akapuliza vumbi. Akaweka sikio. "Diski inakufa hii. Haijafa, ila inaaga. Mama, una nakala za vitu vyako?"

"Ninazo," Mama Tarizi alisema kwa majigambo kidogo. "Kila Ijumaa. Miaka yote. Ziko D."

Fundi Pole akachungulia ndani ya kasha, akamwangalia, akachungulia tena.

"D iko wapi, mama?"

"Si humo humo?"

"Humu mna diski moja." Alianza kucheka, kisha akauona uso wa mwenye nyumba, kicheko kikaishia njiani. "Mama, aliyekuwekea hii alichukua diski moja akaigawa. C na D ni vyumba viwili, nyumba ni moja. Umekuwa ukihamisha vyombo kutoka sebuleni kwenda chumbani. Nyumba ikiungua, vyote vinaungua."

Mama Tarizi akavuta kiti akakaa. Ijumaa zaidi ya mia mbili. Alihesabu mvua alizokatiza, mafua aliyoyapuuza, ili tu awahi kunakili kutoka sebuleni kwenda chumbani. Wala wifi hakumdanganya, maskini. Wifi mwenyewe alikuwa akiamini hivyo hivyo.

"Zikipotea hizo nakshi, si unaweza kuchora nyingine?" Fundi Pole aliuliza kwa upole.

"Maua nitachora," alisema, akaishia hapo. Angemwelezaje mwanamume yule kwamba anayemwogopea siye ua?

Fundi akaizima kompyuta, akamkataza kuiwasha mpaka ipatikane diski ya pili, ya kweli. Alimshauri ya ndani. Ile ya nje, alisema, watu huinunua kwa moto, wakainakilia wiki mbili, ikaishia kwenye droo, au ikaazimwa na haikurudi. Ya ndani hukaa mle mle na fundi anaweza kuipanga ijinakili yenyewe kila siku, mwenye nyumba akumbuke asikumbuke. "Ila mwizi akibeba kasha amebeba zote mbili," alikiri, "kwa hiyo baadaye tutatafuta na ya nje. Leo tumwokoe mgonjwa." Akamwandikia kwenye karatasi: diski ya ndani, ya inchi tatu na nusu, terabaiti mbili, na kebo yake, maana dukani wakikuona huulizi hawakupi kebo.

Duka la kompyuta lilikuwa orofa ya pili, juu ya duka la viatu. Muuzaji alikuwa binti mchangamfu mwenye miwani, aliyeisoma ile karatasi akakunja pua.

"Shikamoo mama. Fundi wako wa zamani, eh? Hizi za kuzunguka zimepitwa. Chukua hii." Akamwekea mkononi kitu chembamba, chepesi mno. "Haina kinachozunguka ndani. Haina kelele. Inanakili kufumba na kufumbua."

"Marahaba. Na hii siku ikifa?"

"Hizi hazifi ovyo, mama."

"Binti yangu, kila kitu kinakufa. Nauliza inakufaje."

Muuzaji akafikiri, kisha akasema kweli. "Mara nyingi inakufa kimya. Leo ipo, kesho kompyuta haiioni. Hiyo ya kuzunguka mara nyingi inaanza kulialia kwanza, inakuwa nzito, unapata muda."

"Basi nipe inayolia kabla ya kufa."

"Lakini ni ya polepole!"

"Mimi nakimbilia wapi?"

Binti akacheka, akampa diski nzito iliyofungwa kwenye mfuko wa rangi ya fedha, na kebo akaiweka bila kuulizwa. Mama Tarizi akaipakata njia nzima hadi nyumbani. Mtu mmoja akamwuliza kama amebeba chupa ya dawa, akasema ndiyo.

Saa nne asubuhi ya siku ya pili Fundi Pole akaifunga diski mpya chini ya ile ya zamani, skrubu nne, kebo ya umeme, kebo ya data. Akatengeneza folda, akaipa jina kwa ufahari, "Nakala Kamili ya Nakshi Zote za Mama Tarizi Kutoka Diski ya Kwanza", akaanzisha kunakili. Ile mgonjwa ikawa inautoa mzigo kwa kujivuta, tik, tik, na mstari wa kijani ukasogea kama hautaki. Wakanywa chai. Fundi akasimulia habari za diski alizozizika, bila shaka akitia chumvi hapa na pale.

Mstari ukasimama. Dirisha likafunguka katikati ya skrini.

"Ah," alisema Fundi Pole. "Inasema haya majina ni marefu kupita kiasi. Yako arobaini na moja. Si tatizo, mama. Tunayakata, nakshi yenyewe haiguswi."

"Usikate!" Akaweka kikombe mezani. "Usikate hata neno. Na majina gani hayo marefu? Yote ni maneno manne matano."

"Hapana mama, hili la kwanza ni barua. Sikia." Akaanza kusoma kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. "Ua la foronya uzi mweupe, wifi, mwanangu ananiita nikakae kwake, nyumba ina chumba cha pili, nimemwambia siji bila wewe, naomba..." Akaweka bisibisi mezani, akasema anatoka kidogo kuvuta hewa, akatoka.

Mama Tarizi akasogea akamalizia mwenyewe, akifuata kwa kidole. Naomba unijibu. Ukikataa nitaelewa, sitanuna. Ila kwenda peke yangu naogopa, na kukuacha peke yako naogopa zaidi.

Alilijua ua lile. Lilikuwa la foronya kumi na mbili za bibi harusi mmoja. Kidirisha cha cherehani, ambacho hakina nafasi zaidi ya maneno machache, kilimwonyesha "Ua la foronya uzi mweupe", akatia uzi mweupe, akashona. Hata kwenye skrini hii, ambayo alijifunza kuitumia baada ya wifi kuondoka, majina hukatwa na kumaliziwa nukta tatu, na yeye alidhani nukta zile ni pambo. Jioni ya siku aliyoyashona, wakila, wifi alikuwa amemkodolea macho bila kugusa sahani, naye akasema, "Yale maua ya foronya yametoka safi sana." Wifi akajibu, "Sawa." Akaondoa vyombo.

Mama Tarizi alikaa pale ameshika mdomo. Hakukuwa na sufuria wala pazia. Alikuwa ameombwa waende pamoja, naye akajibu kwa kusifia maua.

Fundi Pole aliporudi hakuuliza kitu. Alisema kwa haraka kwamba majina hayana kosa, kosa ni lake, maana kompyuta huhesabu jina la faili pamoja na jina la folda, na folda ameipa jina la kifalme. Akaibadilisha, ikawa herufi moja tu, W. Yale arobaini na moja yakakubali, na orodha yake, majina mazima, akamwachia wazi kando ya skrini. "Itachukua masaa," alisema, akikusanya vifaa. "Usiiguse, usiizime. Nitarudi jioni kuipanga iwe inajinakili." Mlangoni akageuka. "Pole, mama," alimwambia, na mara hii hakuwa anaiambia mashine.

Alipobaki peke yake alifungua simu, akaifunga, akaifungua. Haikuwa msimu wao wa kupigiana. Akapiga moyo konde.

"Haloo? Wifi? Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Kompyuta tu, inaponywa." Akasogeza kiti. "Wifi, lile ua la foronya."

Upande wa pili kukawa na sauti ya watoto, kisha mlango ukafungwa.

"Umelikumbuka leo?" Sauti ilikuwa ya taratibu, ngumu.

"Nimelisoma leo."

"Unasema?"

"Nimelisoma leo, wifi. Lote. Cherehani ilinipa maneno matano, nikashona. Hayo mengine sikuyaona mpaka leo asubuhi, mbele ya fundi."

"Kwani kompyuta hukuwa unaifungua?"

"Niifungue ya nini? Kompyuta ilikuwa yako. Mimi nilikuwa mtu wa flashi. Nilijua kuibandika karatasi tu."

Mama Tarizi akasikia kiti kikivutwa upande wa pili.

"Nilingoja wiki tatu," wifi alisema. "Kila siku naingia chumbani naangalia kwenye skrini kama umebandika karatasi. Nikajiambia, wifi ana haya zake, hawezi kunikatalia usoni. Nisimwaibishe. Nikaondoka."

"Na simu zako zile za dakika moja?"

"Ningeongea nini? Nikisikia sauti yako nakumbuka nilikuomba ukanyamaza."

"Ningekuja," Mama Tarizi alisema. Hakupima, lilitoka tu. "Siku ile ile ningekuja."

Akamsikia wifi akilia, kilio cha watu wazima, cha kupenga kamasi na kusingizia mafua.

"Chumba kile siku hizi wanalala wajukuu," alisema wifi alipoweza. "Wako wawili. Na nyumba si yangu, wifi. Mke wa mwanangu ni mtu mzuri, lakini nyumba si yangu."

"Najua. Sikupiga kwa ajili ya chumba."

Huo ulikuwa ukweli nusu. Alikuwa ameshakiona chumba kile, na kitanda, na dirisha, katika muda wa simu kuita mara nne. Sasa alikiondoa kimoja kimoja.

"Mna nini huko, kompyuta imekuwaje?" wifi aliuliza, na sauti ilikuwa imeanza kulegea, ikawa ile ya zamani, ya kuingilia mambo. Akaelezwa habari ya vyumba viwili katika nyumba moja. "Yaani Ijumaa zote zile?" Akaguna. Kisha akacheka, na Mama Tarizi akacheka, na kicheko kikawatoa machozi mapya. "Diski gani umenunua? Usiniambie umeuziwa takataka."

"Ya kuzunguka. Ya polepole."

"Umefanya vizuri. Sasa imefika wapi?"

"Robo."

"Basi usikate simu mpaka imalize. Nataka nijue yamefika yote. Na unisomee, mimi hata sikumbuki niliandika nini."

Akamsomea. Arobaini na moja yale yalikuwa na mengi: magoti yanayouma, mwanafunzi mmoja chuoni aliyemtukana, ndoto ya kaka akipaka rangi nyumba isiyo na mwisho, swali kama Mama Tarizi amewahi kutamani kuolewa tena. Yote yalikuwa maneno aliyoandikiwa yeye na hayakumfikia. Aliyajibu moja moja, kwa kuchelewa, na wifi akayapokea kana kwamba aliuliza asubuhi hiyo. Mteja aligonga mlango wa mbele, akagonga tena, akaenda zake. Simu ikapata moto sikioni, akaichomeka kwenye chaji akaendelea akiwa ameinama karibu na ukuta.

Walikuwa kwenye jina la ishirini na tisa pale mstari wa kijani ulipofika mwisho. Dirisha likajifunga lenyewe, na ile tik, tik ikanyamaza. Nakshi zote zilikuwa zimehama salama, na chumba kikawa kimya kabisa, isipokuwa pumzi za wifi kwenye simu.

"Imemaliza?" wifi aliuliza.

Mama Tarizi akaiangalia skrini isiyo na mstari tena.

"Bado, wifi," alisema. "Imebaki kidogo."